Mawe mawili ya Songwe na jedwali lisiloweza kuyatenganisha

Kila aliyesoma jiografia ya sekondari analikumbuka jedwali la miamba. Lina safu tatu. Ya kwanza ni miamba moto, ile iliyopoa kutoka kwenye uji wa moto wa chini ya ardhi: granaiti, basalti, obsidiani. Ya pili ni miamba tabaka, iliyotokana na mashapo kulundikana: mawe mchanga, makaa ya mawe, chokaa. Ya tatu ni miamba geu, yaani iliyokuwa kitu kingine ikabadilishwa na joto na mgandamizo: marumaru, naisi, sleti. Chini ya jedwali, kwa vitabu vilivyojitahidi, kuna jaribio dogo: dondoshea jiwe asidi hafifu ya haidrokloriki, likitoa mapovu basi ni chokaa. Na chokaa ipo safu ya pili. Tumemaliza, tugeuze ukurasa.

Nina ugomvi na jedwali hili, na ugomvi wenyewe hauhusu makosa madogo madogo ya uchapaji au tafsiri. Linatuambia kwamba linapanga miamba kwa asili yake, yaani jinsi ilivyozaliwa. Lakini vipimo vyote linavyotupa ni vya sura: rangi, ukubwa wa chembe, matabaka, mapovu. Ni kama kumuuliza mtu ukoo wake halafu ukamjibia mwenyewe kwa kumtazama pua. Mara nyingi bahati inatubeba, kwa sababu granaiti kweli haifanani na mawe mchanga. Ila kuna mahali hapa Tanzania ambapo bahati hiyo inaisha kabisa, na ni magharibi mwa jiji la Mbeya, kwenye bonde la Songwe na kilima cha Panda kilicho jirani yake.

Tuanze na jiwe la bondeni. Linaitwa travatini. Maji ya mvua huzama ardhini, hupashwa joto huko chini, hubeba kalsiamu kutoka kwenye miamba wanayopitia, na hujazwa hewa ukaa. Yakiibuka juu kama chemchemi ya maji moto, mgandamizo unapungua na ile hewa inatoroka, kama unapofungua soda. Hewa ikishatoka, maji hayawezi tena kuibeba kalsiamu yote, kwa hiyo yanaitua pale pale kama kalsaiti. Ukitaka kuona jambo linalofanana na hilo nyumbani, chungulia ndani ya birika lililochemshia maji ya kisima kwa miaka. Ukoko ule mweupe ni binamu wa travatini. Bonde la Songwe limejaa ukoko wa namna hiyo, mnene kiasi kwamba kiwanda cha saruji kimekuwa kikiuchimba, na chemchemi bado zinatoka. Kijiolojia ni jiwe la juzi tu.

Sasa panda kilima cha Panda. Hapo jiwe kuu nalo limejaa kalsaiti, nalo ni la weupe au kijivu, nalo linatoa mapovu ukilidondoshea asidi. Lakini hili halikutuliwa na maji ya chemchemi. Liliingia likiwa uji wa moto, magma, likapenya miamba iliyokuwepo na kupoa humo zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Jina lake ni kabonataiti. Ndani yake kuna apataiti, ambayo ni madini ya fosfati, na kuna pairoklori, madini yanayobeba niobiamu, ile metali inayotiwa kidogo tu kwenye chuma cha pua na cha mabomba ili kiwe imara. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 watafiti wa madini wamekuwa wakikitoboa kilima kile.

Basi mpe mwanafunzi vipande viwili, kimoja kutoka bondeni na kimoja kutoka kilimani, pamoja na chupa ya asidi. Vyote viwili vitachemka. Kwa mujibu wa jedwali, vyote ni chokaa, na vyote ni miamba tabaka. Kimoja kapatia, kingine kakosa, na jedwali halina njia yoyote ya kumwonyesha kwamba kakosa.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya nadra, kwa nini kumchosha mtoto wa kidato cha kwanza na jiwe ambalo hata wahandisi wengi hawajalisikia? Kwa dunia nzima ni kweli ni nadra: Woolley na Kjarsgaard walipoorodhesha kabonataiti zote zilizojulikana mwaka 2008, walipata sehemu 527 tu. Ila Afrika Mashariki ndiyo mojawapo ya maeneo yenye kabonataiti nyingi. Panda na Ngualla kusini magharibi mwa Tanzania, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai kaskazini, Mrima na Homa huko Kenya, Tororo na Sukulu Uganda. Jedwali lililoandikwa kwa ajili ya mtoto wa Ulaya linaweza kuliruka jiwe hili bila hasara kubwa. Letu haliwezi.

Tena hata wajiolojia wakubwa walisumbuka nalo kwa karibu miaka 40, na kisa hicho ndicho ningependa kiingie kwenye vitabu badala ya orodha ya kukariri.

Mwaka 1921 Mnorwe W. C. Brøgger alichapisha utafiti wake wa eneo la Fen, nchini kwake. Aliona miamba ya kalsaiti imekaa kama magma inavyokaa: imejipenyeza, imekata miamba mingine. Akasema hii ilikuwa magma ya kaboneti, akaipa jina la kabonataiti. Wengi hawakumwelewa, na sababu yao ilikuwa nzuri. Mtu yeyote wa pwani yetu aliyewahi kuona tanuu la chokaa angeitoa yeye mwenyewe. Unapanga magogo, juu yake unarundika matumbawe, unatia moto. Je, matumbawe huyeyuka yakatiririka? Hapana. Yanafika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, yanatoa hewa ukaa yake, na kinachobaki ni unga au mabonge mepesi ya chokaa hai. Kalsaiti ikipashwa moto hewani inavunjika kabla haijayeyuka. Ili kalsaiti tupu iyeyuke inatakiwa mgandamizo mkubwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,300, na miamba iliyozunguka kabonataiti haikuonyesha dalili ya kuunguzwa kiasi hicho.

Kwa hiyo N. L. Bowen, ambaye hakuwa mtu mdogo katika fani hii, aliandika mwaka 1924 kwamba miamba ya Fen ilielezeka vizuri zaidi kama miamba ya kawaida ambayo maji ya moto yaliipitia na kuiondolea madini yake ya zamani, yakaweka kalsaiti mahali pake. Wengine walisema ni vipande vya chokaa ya kawaida ya baharini vilivyomezwa na magma kisha vikasukumwa juu. Angalia vizuri: hakuna aliyekataa kwamba jiwe lile lilikuwa la kalsaiti. Wote walikubaliana kuhusu sura na wakagombana kuhusu asili. Yaani walikuwa na jedwali lilelile letu, na wote waliona kwamba mapovu ya asidi hayawezi kuwaamulia.

Kilichovunja mkwamo ni vitu viwili vilivyotokea mwaka mmoja. Mwaka 1960, huko Marekani, Wyllie na Tuttle walionyesha maabara kwamba kukiwa na maji na mgandamizo, mchanganyiko wenye kalsaiti unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi. Hoja ya tanuu ikaisha nguvu, kwa sababu tanuu liko wazi hewani na magma iko chini ya ardhi, imebanwa, ina maji. Na mwaka huohuo Barry Dawson, aliyekuwa akifanya kazi na idara ya jiolojia ya Tanganyika, alipanda Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natroni, akakuta kwenye kreta lava nyeusi inatiririka. Sampuli zilipopimwa zilikuwa kaboneti ya sodiamu, potasiamu na kalsiamu, karibu bila silika. Alichapisha katika jarida la Nature mwaka 1962. Lava ile ni ya ajabu kweli: ina joto la nyuzi 500 hadi 600, nusu ya basalti, kiasi kwamba mchana huioni hata ikiwaka, na ni nyepesi inakimbia kama maji ya matope. Ikipoa inakuwa nyeusi, halafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Madini yake mawili makuu yamepewa majina ya nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu, na gregoriaiti, kwa heshima ya J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa.

Hapa nina neno kwa waandishi wa sayansi, sisi tukiwemo. Tunapenda sana kusema kwamba Lengai ulithibitisha kabonataiti ni miamba moto. Ni simulizi tamu, lakini inaruka hatua. Lengai ulithibitisha kwamba uji wa kaboneti upo na unaweza kufika juu ya ardhi. Lava yake ni ya sodiamu, jamaa wa magadi, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa kitu kama hicho. Kabonataiti ya Panda, ya Tororo, ya Fen yenyewe, ni ya kalsaiti na dolomaiti. Kutoka kwenye lava ya Lengai hadi jiwe la Panda kuna pengo, na pengo hilo halikujazwa na mlima. Lilijazwa na ushahidi wa taratibu usio na picha nzuri.

Ushahidi wenyewe ni kama ifuatavyo, na naueleza kwa urefu kwa sababu ndiyo majibu ya swali letu la vipande viwili. Kaboni ina isotopu mbili imara, kaboni 12 na kaboni 13. Wataalamu hupima uwiano wake na kuuandika kama tofauti kutoka kwenye kiwango maalumu, sehemu kwa elfu. Chokaa za baharini huangukia karibu na 0. Kabonataiti nyingi huangukia kati ya -4 na -8, ambako ndiko iliko kaboni ya manto, lile tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia. Strontiamu nayo ina isotopu zake: uwiano wa strontiamu 87 kwa 86 katika kabonataiti changa huwa 0.703 hadi 0.705, wakati chokaa za baharini huwa na takriban 0.707 hadi 0.709. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, ila kwa mashine za kupimia ni pana kama barabara. Ongeza hapo kwamba kabonataiti hujaa strontiamu, bariamu, niobiamu na madini adimu kwa viwango ambavyo chokaa ya kawaida haivifikii hata kwa mbali. Kama Panda ingekuwa kipande cha chokaa ya baharini kilichomezwa na magma, namba hizi zingekisema.

Sasa turudi kwenye upangaji, maana si vitabu vya sekondari tu vyenye kigugumizi. Kanuni rasmi za Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia zinasema kabonataiti ni mwamba moto wenye zaidi ya asilimia 50 ya madini ya kaboneti. Kanuni hizohizo zinasema upangaji wa miamba moto ufuate sifa zinazoonekana na kupimika, usitegemee tafsiri ya asili, na kwamba kwa ajili ya kupanga, mwamba moto ni ule ulio moto au unaofanana na wa moto. Kwa granaiti sina shida na hilo. Lakini kwa kabonataiti, kufanana ndiko kunakogombaniwa! Inafanana na marumaru, inafanana na travatini kuukuu, inafanana na mshipa wa kalsaiti uliowekwa na maji moto. Ukisema jina lake halitegemei asili, halafu sharti la kwanza la jina hilo likawa asili ya moto, umemfukuza mgeni mlangoni ukamwingiza dirishani.

Na ile asilimia 50, mbona iwe 50? Mwaka 2005 Roger Mitchell alishambulia jambo hilo moja kwa moja. Alipendekeza kiwango kishuke hadi 30, na zaidi ya hapo akasema kwamba chini ya jina moja la kabonataiti tumelundika vitu vyenye asili tofauti: vingine vimetoka kweli kwenye magma, vingine ni masalia ya vimiminika vya moto vya mwisho mwisho ambavyo si magma kamili. Nakubaliana naye katika hili la pili. La kwanza sioni linatusaidia nini, maana 30 nayo ni mstari uliochorwa kwa rula. Tatizo halimo kwenye namba.

Kuna anayeweza kuona huu ni mzozo wa watu wa vyuo vikuu wenye muda wa kupoteza. Hebu tufike Tororo. Jiwe la pale lilichimbwa kwa miaka kama chokaa ya kutengenezea saruji, na kwa kemia kuu ni sawa kabisa: kalsiamu ipo ya kutosha. Lakini ni kabonataiti, na ina apataiti. Fosfati ikizidi kwenye tanuri la saruji inazuia kuundwa kwa ile sehemu inayoipa saruji nguvu siku za mwanzo. Kwa hiyo kilichokuwa hakionekani kwenye tone la asidi kinaonekana kwenye zege. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye vilima vya Sukulu, fosfati hiyohiyo ndiyo mali, kwa sababu inatengenezewa mbolea. Kilima cha Mrima huko Kwale nacho kina niobiamu na madini adimu, kina thoriamu nyingi kiasi kwamba mionzi yake ya asili iko juu, na juu yake kuna msitu wa kaya ambao Wadigo wanauheshimu. Mtu anayekuja kijijini kuomba kuchimba "mawe ya chokaa tu" kwenye kilima cha namna hiyo anaomba kitu kingine kabisa, na wanakijiji wenye jedwali letu la shule hawana swali la kumuuliza.

Nilipofika hapa nikalitazama neno lenyewe, chokaa. Kwa Kiswahili cha kawaida chokaa ni kile kinachotoka kwenye tanuu: cha kupaka ukuta, cha kujengea. Jiwe la chokaa ni jiwe linalofaa kuchomwa likatoa hicho. Mchoma chokaa wa Pemba anatumia matumbawe, wa bara anaweza kutumia marumaru, wa Songwe travatini, na hata kabonataiti ikichomwa itampa chokaa ya aina yake. Neno hilo linapanga mawe kwa kazi, na kwa kazi lilikuwa sahihi siku zote. Halijawahi kudai kujua ukoo wa jiwe. Aliyeleta vurugu ni mwandishi wa kitabu aliyelichukua neno la kazi akalichomeka kwenye safu ya asili, akatuaminisha kwamba kujua jiwe linachomeka ni kujua lilikozaliwa.

Sitaki jedwali lifutwe. Safu tatu ni njia nzuri ya kuanza. Ninachotaka ni safu ya nne, finyu tu, yenye kichwa "tumejuaje?" Kwa basalti utaandika: tumeiona ikitoka. Kwa mawe mchanga: tunaona mchanga ukitua mtoni leo kwa namna ileile. Kwa kabonataiti ya Panda: imekata miamba mingine, isotopu zake ni za manto. Kwa travatini ya Songwe: chemchemi bado inaijenga mbele ya macho yetu.

Na hata hiyo travatini isikudanganye kwamba ni kesi nyepesi. Bonde la Songwe lipo kandokando ya volkano za Rungwe, na sehemu ya hewa ukaa inayobubujika kwenye maji ya eneo lile inatoka kwenye magma huko chini. Maana yake jiwe tunaloliita tabaka bila wasiwasi limebeba ndani yake kaboni iliyotoka manto, pamoja na kalsiamu iliyokombwa kwenye miamba ya njiani. Ukipima kaboni peke yake kwa haraka, unaweza kulipeleka safu ya kwanza. Lengai nao unatutania upande wa pili: lava yake ikinyeshewa miaka kadhaa, sodiamu inayeyuka na kuondoka, na kinachobaki nyuma kinazidi kuwa kalsaiti. Kimezaliwa na moto, kikalelewa na mvua.

Mwalimu wa Mbeya ana bahati kuliko wengi, kwa sababu sehemu zote mbili zinafikika kwa safari ya siku moja. Chupa ya asidi ibaki kwenye begi mpaka mwisho. Bondeni wanafunzi watafute alama za mimea na mabomba membamba yaliyoachwa na matete yaliyozungukwa na kalsaiti, na matabaka yanayofuata mteremko wa maji. Kilimani watafute pale kabonataiti inapogusana na miamba ya zamani, waone jinsi hiyo miamba ilivyobadilika rangi na madini kwa kuchomwa na vimiminika vya sodiamu na potasiamu. Mwamba uliobadilishwa hivyo huitwa fenaiti, kutokana na Fen ileile ya Brøgger. Wakishaandika walichokiona, ndipo wadondoshee asidi mawe yote mawili kwa pamoja.